Google Haiskroli: Namna ya Kupanga Kurasa za Duka la Mtandaoni ili Kila Bidhaa Ifikiwe

Mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo alinipigia simu asubuhi. Nilipompa shikamoo tu, akaingia kwenye shida yake: "Marahaba mwanangu. Kile kitenge cha tausi kimo dukani mtandaoni, nakiona kwa macho yangu. Mbona nikikitafuta Google kwa jina lake kamili hakitoki?"

Nikafungua duka lake, duka nililomjengea mwenyewe, nikaanza kuskroli. Kitenge cha tausi kilikuwemo kweli, lakini kilikuwa cha 300 kutoka juu. Ili ukifikie ilibidi ushushe kidole, ukurasa uvute bidhaa nyingine, ushushe tena, uvute tena. Nilimwekea skroli isiyokoma kwa sababu ilipendeza kwenye simu na yeye aliifurahia. Nilipochungulia msimbo wa ukurasa ule, yaani HTML inavyotoka kwenye seva kabla JavaScript, lugha inayouendesha ukurasa ndani ya kivinjari, haijaanza kazi, nikakuta bidhaa 24. Kuanzia ya 25 hakukuwa na linki hata moja.

Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyafanya kurekebisha duka lile, na sasa nayafanya kwa kila duka kabla halijafunguliwa. Mifano ni ya WooCommerce (plagini ya duka ya WordPress) na Shopify (huduma ya kujengea duka la mtandaoni) kwa kuwa ndizo ninazokutana nazo zaidi. Kama duka lako limeandikwa na fundi kuanzia mwanzo, mpe asome. Hatua ni zilezile.

Kwanza, fahamu roboti inavyopita dukani

Googlebot, roboti ya Google, huwa na foleni ya anwani. Huchukua anwani moja, huiomba seva ukurasa, husoma HTML, huokota linki zote zilizomo na kuziongeza kwenye foleni. Baadaye huufungua ukurasa uleule ndani ya Chromium, kivinjari ambacho Chrome imejengwa juu yake, kisicho na skrini, JavaScript ikafanya kazi yake, kisha huangalia tena kama kuna linki zilizoongezeka. Tangu Mei 2019 kivinjari hicho husasishwa mara kwa mara, kwa hiyo mengi yanayofanya kazi kwenye Chrome ya simu yako yanafanya kazi na kwake.

Hapo ndipo mafundi wengi hujiridhisha: "Google siku hizi inasoma JavaScript." Inasoma, ndiyo. Lakini haiskroli, na haibofyi vitufe. Skroli isiyokoma husubiri kidole cha mtu kishuke ndipo iombe bidhaa zinazofuata, na kidole hicho roboti haina. Ni kweli kwamba hufungua ukurasa kwenye dirisha refu kuliko skrini yoyote ya simu, kwa hiyo wakati mwingine fungu la pili la bidhaa hujivuta lenyewe. Usijenge biashara yako juu ya bahati hiyo. Fungu la pili likionekana, la kumi na tatu halitaonekana.

Tena siku hizi si Google peke yake inayopita. Roboti nyingi za programu za akili mnemba hazitekelezi JavaScript kabisa. Huchukua HTML ya mwanzo na kuondoka. Mteja akiiuliza programu hiyo wapi atapata kitenge cha tausi Dar es Salaam, duka ambalo bidhaa zake huletwa na JavaScript halina cha kujibu.

Njia tatu za kuonyesha bidhaa nyingi, na ninayoichagua

Kuna kurasa zenye namba: 1, 2, 3, mpaka ya mwisho. Kuna kitufe cha "Onyesha zaidi" ambacho mteja akikibofya bidhaa huongezeka palepale chini. Na kuna skroli isiyokoma.

Kwa duka la kuuza vitu, chagua namba au kitufe. Skroli isiyokoma iache kwa mitandao ya kijamii, ambako mtu anapitisha muda na hana anachotafuta. Anayenunua analinganisha. Anaona dera la elfu ishirini na tano, anashuka, anaona la elfu kumi na nane, anataka kurudi kuliangalia la kwanza. Kwenye kurasa zenye namba anakumbuka kwamba lilikuwa ukurasa wa tatu. Kwenye skroli anakumbuka tu kwamba lilikuwa huko juu.

Halafu kuna sehemu ya chini kabisa ya ukurasa. Kwa maduka yetu, huko ndiko tunakoweka namba ya WhatsApp, Lipa Namba, mahali duka lilipo na masharti ya kurudisha mzigo. Mteja mpya hushuka huko makusudi kuhakikisha hatapeliwi. Skroli isiyokoma humnyima: kila akikaribia kufika, bidhaa nyingine zinaingia na kuisukuma sehemu ile chini. Nimekaa pembeni ya mtu nikamwona akijaribu mara tatu kuifikia namba ya simu, mara ya nne akafunga. Na bando lake limeliwa na picha 90 ambazo hakuziomba.

Hata wenye mtaji mkubwa wamelipitia hili. Etsy, soko la mtandaoni la Marekani, walijaribu skroli isiyokoma kwenye matokeo ya utafutaji wao, na mwaka 2012 mhandisi wao Dan McKinley alieleza hadharani kwamba waliowekewa skroli hiyo walibofya bidhaa chache zaidi na kununua chache zaidi kutoka kwenye matokeo yale. Google yenyewe ilileta mtiririko wa aina hiyo kwenye matokeo yake ya simu Oktoba 2021, ikaupeleka kwenye kompyuta Desemba 2022, na Juni 2024 ikaanza kuuondoa na kurudisha namba za kurasa.

Kama bado unaitaka skroli, usihofu, hatua ya tano ni yako. Ila huwezi kuirukia. Kurasa zenye namba lazima ziwe chini yake kwanza.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa kitu

Fungua ukurasa wa kategoria yako kubwa kwenye kompyuta, zima JavaScript kwenye mipangilio ya Chrome kwa tovuti hiyo, kisha pakia ukurasa upya. Unachokiona sasa ni karibu sana na kile roboti inachokutana nacho mwanzo. Je, bidhaa zipo? Ukifika chini, kuna linki ya kwenda ukurasa wa pili? Ukiibofya, inafunguka? Kama bidhaa za mwanzo zipo halafu chini ni peupe, umeupata ugonjwa. Kama hata bidhaa za mwanzo hazipo, hali ni mbaya zaidi na unahitaji fundi leo.

Usiishie hapo. Ingia Google Search Console, huduma ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona, weka anwani ya kategoria kwenye kisanduku cha ukaguzi kilicho juu, agiza ukurasa ujaribiwe sasa hivi, kisha fungua HTML ambayo Google imeiona. Chukua jina la bidhaa iliyo mbali, mfano ile ya 100 kwenye orodha, ulitafute ndani ya HTML ile. Halimo? Basi umethibitisha kwa macho ya Google yenyewe.

Kipimo cha mwisho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Weka kwenye kisanduku kilekile anwani ya bidhaa moja iliyozama chini, na uangalie sehemu inayoeleza Google iliijuaje. Kuna mstari wa ramani za tovuti (faili za kuorodhesha anwani za tovuti kwa ajili ya roboti) na mstari wa ukurasa uliotoa linki kwenda kwenye bidhaa hiyo. Kwa kitenge cha tausi, mstari wa ramani ulikuwa na anwani, na ule wa ukurasa haukuwa na kitu. Maana yake Google ilisikia kwamba bidhaa ipo kupitia ramani ya tovuti, lakini dukani kwenyewe haikuona mahali popote inapotajwa. Bidhaa ambayo mwenye duka haijatolea linki hata moja, Google haioni sababu ya kuiharakia. Ilikuwa imekaa kwenye ripoti miongoni mwa kurasa zilizogunduliwa ambazo bado hazijaingizwa kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambayo Google huchotea matokeo yake, pamoja na wenzake wengi.

Hatua ya 2: Kila fungu la bidhaa lipate anwani yake

Tuseme kategoria ya vitenge ina bidhaa 600 na unaonyesha 24 kwa wakati mmoja. Hizo ni kurasa 25. Kila moja inatakiwa iwe na anwani ambayo ukiinakili na kumtumia mtu WhatsApp, akiifungua kwenye simu yake anaona bidhaa zilezile ulizoziona wewe. WooCommerce hufanya hivyo yenyewe:

/vitenge/page/2/

Shopify nayo hutumia:

/collections/vitenge?page=2

Zote mbili ni sawa. Isiyofaa ni hii:

/vitenge/#page=2

Google hupuuza kilichoandikwa baada ya alama ya #. Kwake, kurasa zako 25 zote ni ukurasa mmoja wa /vitenge/, na roboti ikishaupitia ule wa kwanza haina sababu ya kufuata linki ya ukurasa "mwingine" wenye anwani ileile. Nimekutana na maduka yenye namba nzuri kabisa chini ya ukurasa, 1 mpaka 25, zikibofyeka vizuri, lakini zote ni za # na zote ni kazi bure.

Jaribu pia mwisho wa safu. Kama kurasa ni 25, fungua ya 26 kwa mkono. Seva ijibu 404, kwamba ukurasa haupo. Maduka mengine hujibu kwa ukurasa mtupu ulioandikwa "Hakuna bidhaa" huku seva ikisema kila kitu ni salama. Ukiwa na linki ya "unaofuata" isiyojua kusimama, roboti itakwenda 26, 27, 28, na kuendelea, ikimaliza muda wake kwenye vyumba vitupu.

Hatua ya 3: Linki iwe linki kweli

Hapa ndipo palipovunjika kwenye duka la mama yule, na ndipo ninapokuta maduka mengi yamevunjika. Kuna kitufe kama hiki:

```
<button onclick="ongezaBidhaa()">Onyesha zaidi</button>
```

Kwa mteja ni kizuri, anabofya, bidhaa zinakuja. Kwa roboti hakuna kitu, kwa sababu hakuna anwani ndani yake. Kinachotakiwa ni hiki:

```
<a href="/vitenge/page/2/">Onyesha zaidi</a>
```

Vinaweza kufanana kabisa kwenye skrini, rangi moja, pembe zilizoviringwa, herufi zilezile. Tofauti iko kwenye ile `href`. Roboti huokota anwani iliyomo ndani ya `<a href>` na kuiweka kwenye foleni. Mwambie fundi wako neno hilohilo, "nataka a href", atakuelewa.

Sasa fikiria urefu wa safari. Kama kila ukurasa una linki moja tu ya "unaofuata", kitenge cha 300 kiko ukurasa wa 13, na roboti lazima iruke mara 12 kutoka ukurasa wa kwanza ndipo ikione. Cha 600 kinahitaji miruko 24. Roboti itafika, ila kadiri ukurasa unavyokuwa mbali na ukurasa wa mwanzo wa duka ndivyo unavyoonekana hauna uzito, na ndivyo unavyochelewa kupitiwa upya ukibadilisha bei. Kwa hiyo weka namba, si neno "unaofuata" peke yake:

1 2 3 … 12 13 14 … 24 25

Linki ya ukurasa wa kwanza na wa mwisho iwepo kila mahali. Roboti ikiwa ukurasa wa kwanza inaweza kurukia wa 25 na kuanza kurudi nyuma. Katikati ya safu inafikiwa kutoka pande mbili.

Dawa kubwa zaidi ya umbali, hata hivyo, haiko kwenye namba. Iko kwenye kugawa kategoria. Vitenge 600 kwenye chungu kimoja ni vingi hata kwa mteja. Tuligawa: wax, java, vya batiki, vya sare za harusi. Kategoria ya bidhaa 600 ikawa nne zenye wastani wa 150, yaani kurasa sita au saba kila moja, na kitenge cha tausi kikahama kutoka ukurasa wa 13 hadi wa pili wa kategoria yake. Faida ya pili ni kwamba "vitenge vya sare za harusi" ni maneno ambayo watu wanayaandika Google kweli, na sasa kuna ukurasa wenye jina hilo wa kuwapokea. Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu mzima baada ya kuweka linki za kweli, fanya hili. Kaa na mwenye duka, muulize wateja wanaofika dukani huita mzigo kwa majina gani, halafu hayo ndiyo yawe majina ya kategoria.

Hatua ya 4: Usiifute kazi yako kwa tagi moja

Juu ya kila ukurasa kuna mahali pa kuandika anwani rasmi ya ukurasa huo, `rel="canonical"`. Mafundi wengi, kwa nia njema kabisa, huandika kwenye ukurasa wa 2 mpaka wa 25 kwamba anwani rasmi ni ya ukurasa wa kwanza. Wanaogopa kurasa kuonekana zinarudiwa. Lakini hazirudiwi: ukurasa wa 13 una vitenge ambavyo havimo ukurasa wa kwanza. Ukiiambia Google kwamba wa 13 ni nakala tu ya wa kwanza, unaipa sababu ya kuuweka pembeni pamoja na linki zake. Google imeandika wazi kwenye mwongozo wake kwamba ukurasa wa kwanza usitumike kuwa anwani rasmi ya safu nzima. Kila ukurasa ujitaje wenyewe:

```
<link rel="canonical" href="/vitenge/page/13/">
```

Kwenye tovuti halisi andika anwani nzima kuanzia https.

Vivyo hivyo usiweke `noindex`, tagi inayoiambia Google isiuweke ukurasa kwenye matokeo, kwenye ukurasa wa pili na kuendelea. Google imeeleza kwamba ukurasa uliokaa na noindex kwa muda mrefu mwishowe linki zake huacha kufuatwa. Baadhi ya plagini za WordPress zina kitufe cha kuweka noindex kwenye kurasa zote za ndani za kategoria kwa mpigo mmoja. Kitafute, hakikisha kimezimwa.

Kuhusu `rel="next"` na `rel="prev"`, tagi za kutaja ukurasa unaofuata na uliotangulia: Google ilizitambulisha mwaka 2011, na Machi 2019 ikatangaza kwamba haizitumii tena. Kama zipo kwenye duka lako hazina madhara, ziache. Usimlipe mtu aziweke.

Hatua ya 5: Sasa weka skroli au kitufe juu yake

Kurasa zikishasimama zenyewe, unaweza kumpa mteja raha anayoitaka bila kumficha roboti kitu. Kanuni ni kwamba linki ya kweli inabaki kwenye HTML, na JavaScript inaidaka pale mteja anapoibofya. Roboti inaona linki ya kwenda ukurasa wa 2. Mteja anaona bidhaa zikiongezeka palepale. Msimbo wenyewe si mrefu:

```
const linki = document.querySelector('a.unaofuata');

linki.addEventListener('click', async (tukio) => {
  tukio.preventDefault();
  const jibu = await fetch(linki.href);
  const hati = new DOMParser()
    .parseFromString(await jibu.text(), 'text/html');

  document.querySelector('ul.bidhaa')
    .append(...hati.querySelectorAll('ul.bidhaa > li'));

  history.replaceState(null, '', linki.href);

  const mpya = hati.querySelector('a.unaofuata');
  if (mpya) linki.href = mpya.href;
  else linki.remove();
});
```

Soma mistari ile polepole. Inaomba ukurasa wa pili uleule uliotengenezwa katika hatua ya 2, inachomoa bidhaa zake, inazibandika chini ya zilizopo, inabadilisha anwani inayoonekana juu ya kivinjari, halafu inajiandaa kwa ukurasa wa tatu. Ukurasa ukiwa wa mwisho, kitufe kinaondoka. Mtandao ukikatika au JavaScript isipopakia, linki bado ni linki, na mteja anaenda ukurasa wa pili kwa njia ya kawaida.

Mstari wa `replaceState` usiufute. Ndio unaomwokoa mteja anayeingia kwenye bidhaa kisha akabonyeza kurudi nyuma. Bila huo anaweza kurushwa juu kabisa ya orodha, aanze kuskroli upya kwa bando lake. Ukiwepo anarudi kwenye ukurasa aliokuwa, na kwa kuwa ukurasa huo una linki ya kwenda nyuma, hajapotea.

Ukitaka ivute yenyewe bila kubofya, fundi atatumia `IntersectionObserver` kuiangalia linki ileile na kuanza kazi inapoonekana. Mimi huiruhusu ivute yenyewe mara moja au mbili, kisha kitufe kitokee na mteja aamue. Taasisi ya Baymard ya Denmark, inayochunguza jinsi watu wanavyonunua mtandaoni, mwaka 2016 ilipendekeza mchanganyiko wa namna hiyo: bidhaa chache ziingie zenyewe, halafu kitufe. Sehemu ya chini yenye namba ya simu inafikiwa, na bando linabaki mikononi mwa mwenye simu.

Picha nazo zinahitaji neno moja. Tumia `loading="lazy"` kwenye tagi ya picha huku anwani ya picha ikiwa ndani ya `src` kama kawaida. Plagini za zamani huificha anwani kwenye `data-src` na kuitoa mtu anaposkroli. Picha hizo Google inaweza isizione.

Hatua ya 6: Funga milango ya vichujio

Tuseme duka linamruhusu mteja kuchuja na kupanga bidhaa: rangi sita, viwango vinne vya bei, namna tano za kupanga orodha. Zidisha: michanganyiko 120. Kila mchanganyiko ukiwa na kurasa zake za namba, hata tukikubali kwamba orodha iliyochujwa ni fupi, duka la vitenge 600 linaweza kuzaa maelfu ya anwani zinazoonyesha vitenge vilevile kwa mpangilio tofauti. Roboti haijui hilo mpaka ipite.

Kwa WooCommerce, mistari hii kwenye robots.txt, faili linaloziambia roboti zisipite wapi, inatosha kuanzia:

```
User-agent: *
Disallow: /*?*orderby=
Disallow: /*?*filter_
```

Shopify hufunga yenyewe anwani za kupanga zenye `sort_by`. Angalia tu usifunge `page=` kwa bahati mbaya; ukifanya hivyo umerudi pale tulipoanzia, safari hii kwa mkono wako. Wala usichanganye robots.txt na noindex kwa anwani moja, kwa sababu ukurasa uliozuiwa kusomwa hauwezi kusomwa noindex yake.

Ukiona kichujio fulani watu wanakitafuta sana, mfano "vitenge vyekundu", kitoe kwenye vichujio ukifanye kategoria kamili yenye jina na maelezo yake.

Hatua ya 7: Ramani ya tovuti

WordPress hutengeneza ramani yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, ipo /wp-sitemap.xml, na Shopify ipo /sitemap.xml. Faili moja linabeba anwani 50,000, kwa hiyo duka la kawaida halina wasiwasi. Ipeleke Search Console, hakikisha bidhaa zote zimo. Ila kumbuka duka la mama yule lilikuwa na ramani kamili siku zote, na tausi wake bado hakuonekana.

Hatua ya 8: Subiri, kisha pima upya

Rudia vipimo vya hatua ya 1 siku hiyohiyo uliyomaliza, ujue mabadiliko yamefika kwenye seva. Omba Google ipitie upya ukurasa wa kwanza wa kila kategoria. Usiombe kwa kila bidhaa, kuna kikomo cha maombi kwa siku, na linki zitafanya kazi yake. Kisha mpe muda. Duka dogo linaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ripoti haijabadilika. Katika wiki hizo mwenye duka atakupigia kila siku, na jibu la kweli ni kumwonyesha ripoti, idadi ya kurasa zilizoingizwa ikipanda kidogo kidogo.

Mambo mawili ndiyo ninayoyaangalia zaidi katika kipindi hicho. La kwanza ni kurasa za mwisho za kila kategoria, kama zimepitiwa na lini. Roboti ikifika ukurasa wa mwisho, safu nzima iko wazi. La pili ni ule mstari wa ukurasa uliotoa linki, kwenye bidhaa zilizokuwa zimezama. Kwa kitenge cha tausi niliufungua pamoja na mama mwenyewe, tumekaa kwenye benchi mbele ya duka lake, simu katikati yetu. Pale palipokuwa patupu sasa paliandikwa anwani ya kategoria ya wax, ukurasa wa 2. Akaniuliza ukurasa wa pili ndio upi. Nikaufungua, akakiona kitenge chake mstari wa tatu kutoka juu, akamwita kijana wake aje atoe jora dukani wapige picha mpya, kwa sababu ile ya zamani, alisema, ilikuwa na kivuli.